Viti vya Fundi wa Malkia

Kwaa! Mlio mmoja tu ulipasua usiku wa karamu, na kadhi wa mji akawa chali sakafuni, sahani ya pilau kifuani.

Mwenye karamu alikuwa tajiri, Bwana Khelef, aliyetaka aheshimiwe kwa ajili ya viti vyake. Vilikuwa kumi na viwili, vya mti mwekundu unaonukia waridi, migongo yake nakshi tupu, vya zama za Malkia Viktoria. Ndivyo alivyosema yeye. Kweli ni kwamba mnadani alinunua kimoja. Kumi na kimoja vilitengenezwa na seremala wa uchochoroni, aliyeiga kile kimoja ua kwa ua. Kisha Khelef akamwapisha asiseme. Mgeni akiuliza, Khelef hujibu, "Fundi wa Malkia." Jina la seremala halikumtoka mdomoni miaka tisa.

Asubuhi seremala akaitwa. Kadhi alikuwa ameketi mkekani, mkono kiunoni.

"Wewe," akasema Khelef, "juzi ulikuja kuvipaka nta, ukakiharibu kiti alichokalia kadhi. Nataka kingine, cha fundi yuleyule, kabla ya Ijumaa. La sivyo randa zako, patasi zako na kibanda chako ni vyangu."

Seremala akautazama mguu uliovunjika, akaujua. Ulikuwa wa kile cha mnadani. Lakini bila patasi, wanawe wangekula nini?

"Huyo fundi yuko wapi, bwana?"

"Alikufa zamani."

"Basi nikimfuata, Ijumaa sitarudi."

Kadhi akakohoa kuficha kicheko.

"Usinichezee," akafoka Khelef. "Mchonga mbuzi za nazi utajua nini viti vya kifalme?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza. Vyote ni vya mkono mmoja?"

"Mkono mmoja."

"Mti mmoja?"

"Mti mmoja, merikebu moja. Nikwambie mara ngapi?"

"Yatosha." Seremala akaugonga mguu sakafuni. Unga ukamwagika, na dudu mnene mweupe akatoka akijinyonganyonga. "Mheshimiwa kadhi, nta haizai dudu. Huyu kaja na kiti. Na kama vyote ni ndugu, vyote vinaumwa. Tukiviacha, dudu atahamia milangoni, kisha kwenye boriti za msikiti hapo jirani."

Kadhi akajipapasa kiuno. "Dawa yake?"

"Moto."

"Vitoeni uani," kadhi akaamuru. "Vyote."

Watumishi wakavibeba, wakavirundika. Kiberiti kikawaka. Khelef akakimbilia mbele ya rundo, mikono ameitandaza kama kuku mwenye vifaranga.

"Ngojeni. Hivi kumi na kimoja ni vizima. Si vya Malkia."

"Tangu lini?" akauliza kadhi.

Khelef akakumbatia kiti kilichokuwa karibu.

"Nani alivitengeneza?"

Khelef akamtazama seremala, macho yakimwomba aseme yeye.

"Mimi niliapa, bwana," seremala akasema. "Wewe hukuapa."

Khelef akamgeukia kadhi.

"Faki," akasema. "Faki bin Makame."