Kindi Alivyojifichia Pampu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na mtu akipiga hodi anakaribishwa chai, msitu mzima ulikuwa na kompyuta moja tu. Hiyo ndiyo iliyowasha taa, iliyogonga kengele na kuendesha pampu ya maji. Ndani yake mlikuwa na kiini, yaani ile programu mama inayoziamuru programu nyingine zote. Aliyekiandika kiini hicho ni Kindi.

Kindi mnamjua. Akipata karanga hali zote. Moja anaifukia chini ya jiwe, nyingine chini ya mzizi, nyingine hata yeye hajui. Basi na kiini alikiandika vivyo hivyo. Maagizo ya taa aliyaweka kwenye folda ya milango, ya pampu akayatia kwenye folda ya kengele, na mafaili akayapa majina kama Shangazi na Hayahaya.

"Mbona umevichanganya hivi, Bwana Kindi?" aliuliza Tembo, mwenyekiti wa msitu.

"Mzee, huu ni utaalamu," Kindi akajibu huku akijikuna mkia. "Nikikueleza utaumwa kichwa."

Tembo akaamini, maana kichwa chake ni kikubwa na aliogopa kukiumiza. Tangu hapo taa ikizimika anaitwa Kindi. Mlango ukikwama, Kindi. Anakuja, anabonyeza chaka-chaka-chaka, anaondoka na sahani ya karanga. Moyoni anacheka: hawa wakubwa wataniacha vipi, na vitu vilipo najua mimi tu?

Asubuhi moja kengele ikawa inalia ovyo, ngo, ngo, ngo. Kindi akafungua folda ya kengele, akakuta faili linaitwa Hayahaya. Akalisoma juu juu. Halikutaja kengele hata kidogo.

"Takataka hizi kaweka nani humu?" akasema. Akalitupa, akakiunda kiini upya. Kengele ikanyamaza, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Kabla ya adhuhuri pampu ikafa. Prrr... pu. Kimya.

Akaja Mama Kiboko, anahema. "Kaka Kindi, bwawa linakauka, na mwanangu ngozi imeanza kupasuka. Nisaidie, nakuomba."

Kindi akakimbilia kwenye kompyuta, Tembo nyuma yake, akakaa. Chaka-chaka. Folda ya milango, hamna. Folda ya taa, hamna. Jasho likamtoka. Akashuka kitini, akaanza kuchimba chini ya meza kwa kucha zake, ananusa.

"Bwana Kindi," akasema Tembo, "kwani faili linafukiwa?"

Kindi aliona aibu, lakini ujanja ulikuwa haujamwisha. "Nilikuwa nawapima tu. Haya, Mzee, ungekuwa wewe, maagizo ya pampu ungeyatafuta wapi?"

"Mimi? Kwenye folda ya pampu."

"Hakuna folda ya pampu."

"Kwa nini hakuna?"

Nje mtoto wa Kiboko alikuwa analia, na kilio kile kilimchoma Kindi.

"Mzee, sijui yaliko," akasema. "Nilivificha vitu ili mnihitaji. Sasa tazama: mwizi ni mimi, na niliyeibiwa ni mimi."

Tembo hakumgombeza. Alivuta kiti, kiti kikalalamika, akaanza kusoma faili moja baada ya jingine, polepole, mpaka akafika kwenye pipa la takataka la kompyuta. "Hili Hayahaya linasema, vuta maji, sukuma maji. Silo?"

Ndilo. Kindi akafungua folda mpya, akaiita Pampu, akalirudisha faili mle na kukiunda kiini tena. Prrrrr! Maji yakaja, Mama Kiboko akatumbukia bwawani na mwanawe. Kisha wakapanga kila kitu: taa kwa taa, milango kwa milango.

Siku chache baadaye Kindi alisikia mlango wa ukumbi umekwama. Akanawa uso, akachukua sahani yake kubwa, mbio. Akakuta mlango uko wazi na Tembo anakunywa chai.

"Nimeingia folda ya milango, nimerekebisha," akasema Tembo. "Wala kichwa hakikuniuma."

Kindi akaitazama sahani yake tupu. Ikabidi acheke. Akarudi nyumbani kutafuta karanga alizofukia mwaka jana, na nasikia mpaka leo anachimba.

Nanyi wanangu, kitu cha wote kiwekeni pale ambapo hata asiyekiweka atakiona.