Gari Kama Lilivyotoka Dukani

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Korogwe, Bwana Mbaruku, muuza magari mapya. Kila gari alilitoa na waranti, ahadi ya kulitengeneza bure likiharibika, na waranti ilikuja na masharti yake: ukiongeza chochote, tajiri hatengenezi mpaka gari lirudi kama lilivyotoka dukani. Na fundi wa nje akiligusa, waranti imekufa. Watu walisaini tu, maana mtu mwenye ufunguo mpya mkononi hana subira ya kusoma.

Siwema, dereva wa teksi, alinunua moja, akalipamba roho ilivyopenda. Haukupita muda, giaboksi ikafa pale stendi, abiria yumo ndani. Na teksi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Akalivutisha kwa kamba mpaka dukani.

Mbaruku akalizunguka gari, mikono nyuma.

"Hii honi ya muziki niliiweka mimi?"

"Niliiweka mimi, tajiri."

"Ndiyo iliyoua giaboksi."

"Honi na giaboksi wapi na wapi?"

"Vyombo vya gari vinasikilizana."

Siwema akang'oa honi. Kesho yake akarudi.

"Na vitambaa vya viti?"

"Navyo vimeua giaboksi?"

"Vimeongeza uzito."

"Tajiri, nimepakia wanene wa mji huu wote!"

"Hao hawakushonewa kwenye viti."

Akavua vitambaa. Mbaruku akaingiza pua dirishani.

"Nasikia udi."

"Nilifukiza."

"Mimi sikuuza gari lenye udi."

Siwema akaacha milango wazi juani kutwa nzima. Nyumbani mama alikuwa keshaanza kunywa chai kavu. Uonevu ule umenichoma hata mimi niliyesimuliwa tu.

Udi ulipokwisha, alimkuta Mbaruku na wateja wawili, kalamu mkononi, tayari kusaini. Tajiri akanusa gari, asipate kitu. Akapandisha sauti, wateja wasikie.

"Mimi neno langu ni moja! Gari likiwa kama lilivyotoka hapa, nalitengeneza bure!"

"Lilipotoka lilikuwaje?" akauliza Siwema.

"Zima! Mbaruku hauzi gari bovu."

"Gia zilikuwa zinaingia?"

"Zote!"

"Na vyangu vyote nimeshavitoa?"

"Umevitoa."

"Kwa hiyo kitu ambacho hakiko kama kilivyotoka ni giaboksi peke yake."

"Hiyo tu."

"Nimpelekee fundi wa gereji ya hapo jirani, airudishe ilivyokuwa?"

"Thubutu! Waranti imekufa hapo hapo."

Wateja wakashusha kalamu.

"Basi mwite fundi wako," akasema Siwema, "alifanye kama lilivyotoka. Likishakuwa hivyo, tajiri, kulitengeneza usijisumbue tena."