Orodha ya Maneno Haramu

Liwali Shekuwe alichoka kusemwa, akatunga sheria: atakayemlalamikia hadharani, jela miezi sita. Wa kwanza kunaswa alikuwa Mwanahija, msusi wa mikeka, ulimi wake haulali.

“Bwana wangu,” alisema Mwanahija akipiga magoti, “kosa langu ni ujinga. Sikujua maneno gani ni haramu.”

“Yote mabaya juu yangu!”

“Ni mengi, Bwana. Yaandikwe moja moja, mpiga mbiu ayatangaze sokoni, asibaki wa kusema hakujua. Mimi nimeyasikia yote. Nitamtajia karani wako.”

Liwali alifurahi kupata mbea wa bure, akamwachia. Mwanahija akataja, karani akaandika hadi wino ukamwishia. Liwali akagonga muhuri bila kusoma. Nani hupenda kusoma ubaya wake?

Siku ya soko pembe ikalia.

“Kwa amri ya Liwali!” alipaza sauti mpiga mbiu. “Ni marufuku kusema kwamba mabati ya shule yameezekwa kwenye banda la punda wa Liwali! Ni marufuku kusema kwamba kisima kimechimbwa mara tatu kwenye karatasi, na maji hatujayaona!”

“Rudia!” watu walipiga kelele. “Huku nyuma hatujasikia!”

Akarudia. Liwali akaja mbio na kiatu kimoja.

“Mkamateni huyo anayenitukana!”

“Muhuri ni wako, Bwana,” mpiga mbiu alijibu akiinua karatasi. “Na bado kurasa nne.”

Liwali akamgeukia Mwanahija. Alikuwa mstari wa mbele, ukili wa mkeka mkononi, midomo ameibana kama mtu anayeiheshimu sana sheria.