Mume wa Mvuke

Kwe-kwe-kwe! Kwe-kwe-kwe!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na milango, na majirani wa kuwasema, mlio huo ulimgutusha Bi Digidigi usiku wa manane. Akamkumbatia mwanawe Chepe, akabana pumzi. Nani huyo? Fisi? Mwizi? Jamani, na mlango wenyewe haufungi vizuri!

"Nani?"

Kwe-kwe-kwe!

Kumbe ni mfuniko wa chungu! Uji wa mtoto ulikuwa unachemka, mvuke unauinua mfuniko na kuuangusha, unauinua na kuuangusha. Bi Digidigi akacheka, kisha akanyamaza, maana kucheka peke yako usiku ni kama kupika bila mlaji. Akaubonyeza mfuniko kwa ukwato. Ukamsukuma! Akaubonyeza kwa nguvu zaidi. Ukamsukuma tena!

"Loo! Una nguvu wewe," akauambia. Tangu juzi hakuna mtu mzima aliyezungumza naye kwa wema.

Mumewe alichukuliwa kumbebea Jumbe Tembo mizigo ng'ambo ya mlima, hakurudi, wala salamu hakuleta. Lilibaki koti lake tu, msumarini. Na Jumbe Tembo, wanangu, alikuwa na sheria yake: kila alfajiri kila nyumba imtwangie mtama, na nyumba ambayo mchi wake haulii, shamba lake linachukuliwa. Nyati, mnyapara wake, alipita vichochoroni ametega sikio. Di! Di! Di! Hapa sawa. Di! Di! Di! Hapa sawa. Kwa Bi Digidigi? Di... mtoto analia... kimya.

"Wewe mjane!" Nyati alikuwa amemfokea jana yake.

"Mimi si mjane!"

"Basi huyo mumeo atwange! Nikipita tena nikakuta kimya, fungasha!"

Afungashe aende wapi, na mtoto mgongoni? Basi hakulala. Akakandika kinywa cha chungu kwa udongo, akasimika juu yake mwanzi wenye kitundu ubavuni. Ndani ya mwanzi akatia kizibo chenye ufito, ufito akaufunga kwenye ncha ya gogo linalobembea, na kwenye ncha ya pili akaning'iniza mchi juu ya kinu. Akachochea moto. Mvuke ukipanda, kizibo juu, mchi chini. Mvuke ukitokea kitunduni, kizibo chini, mchi juu.

Fyuuu—di! Fyuuu—di!

Alfajiri Nyati akasimama dirishani. "Nani anatwanga humo?"

"Mume wangu. Amerudi."

"Mbona hasalimii?"

"Amechoka, bwana mnyapara. Safari ndefu."

"Na mbona anapumua hivyo?"

"Akipumua hivyo ana hasira."

Nyati akaenda zake upesi upesi.

Lakini habari ikaenea. Waliokuwa wakija kuomba moto wakaacha. Nani aingie nyumba ya bwana asiyeitikia salamu? Hata Bi Nungunungu, jirani wa ukuta kwa ukuta, akawa anapita kichwa chini. Shamba limepona, ndiyo, ila Bi Digidigi akawa anakula ameelekea chungu. "Karibu chakula, mwenzangu," husema. Fyuuu, chungu hujibu. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Siku moja, mtama umeshatwangwa, Nyati akarudi anapiga kwato chini. "Dume gani halionekani? Atoe mkono tusalimiane, la sivyo navunja mlango!"

Bi Digidigi akalidaka koti msumarini. "Ngoja avae koti!"

Akaufungua ule ufito kwenye gogo, akaufunga kwenye mti mrefu, mti akauvisha mkono wa koti la mumewe. Harufu yake ilikuwamo bado, almanusura alie. Akautokezesha mti dirishani.

"Haya, mshike!"

Nyati akashika, akaminya. "Mbona mgumu hivi?"

"Mkono wa kazi huo! Au wako laini?"

Huku ndani, Bi Digidigi anaziba kitundu cha mvuke kwa donge la udongo, anasukuma kuni, chungu kinanguruma, Chepe anapiga kelele...

FYUUUU!

Mkono ukapaa, na Nyati juu yake, kwato zinachezea hewa! Puu! Chali matopeni.

"Mwambie aniache! Shamba ni lenu! Lenu milele!" Akatimua mbio, wala hakumsimulia mtu. Mnyapara aseme ameangushwa na mwenye nyumba? Thubutu!

Bi Digidigi akazibua kitundu, akageuka. Yallah! Mlango wa uani uko wazi, na Bi Nungunungu amesimama pale, miiba wima, gongo mkononi.

"Nimesikia kelele," akasema. "Nilidhani mumeo anakuua." Akatazama chungu. Akatazama koti. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyo," akasema Bi Digidigi, na machozi yakamtoka, yote aliyokuwa ameyaweka.

Bi Nungunungu akaweka gongo chini. "Wangu alichukuliwa siku ileile. Kila alfajiri nilikuwa namsikia wako akipumua, nakuonea wivu, nalia huko kwangu."

"Ukuta ni huu huu mmoja!"

"Huu huu." Akalaza miiba, akaketi taratibu asimchome Chepe. "Hebu, gogo hili tukilirefusha, chungu hiki hakitatwanga na kwangu?"

"Kitatwanga. Nimewaza hata kipandishe maji ya mto shambani. Hata kivute mkokoteni."

"Kivute mizigo?" Sauti ya Bi Nungunungu ikashuka. "Basi asingechukuliwa mume wa mtu."

Wakanyamaza, lakini kimya hicho kilikuwa cha watu wawili.

Naam, wanangu: mnyonge kwa akili humshinda mwenye nguvu, lakini mwenye akili bila mwenzi ni mkiwa.

"Jumbe akijua, atakichukua," akasema Bi Digidigi.

Bi Nungunungu akatia ukuni motoni. "Tunajua mimi na wewe. Sitamwambia mtu mwingine."