Ukungu wa Mzee Kajiru

Ukungu wa mlima hauoteshi nyikani. Ndivyo mlivyomsikia Mama Sifaeli jana akimwambia yule kijana aliyeshusha miche ya kahawa aje kuipanda huku kwetu juani, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Leo mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, vuteni vigoda, kila mmoja achukue kunde zake apukuchue, maana mimi siwasimulii watu waliokaa mikono mitupu. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia nyumbani kwangu, ndiyo maana sipendi mtu aitie chumvi.

Shuleni mmefundishwa kwamba nchi imegawanyika katika kanda. Elinaja amenionyesha daftari lake: pwani kaipaka kijani, nyanda za juu kahawia, uwanda wa kati njano, na maziwa bluu. Vizuri, mtihani atafaulu. Sisi hatukuhitaji rangi. Toka kule nilikozaliwa mpaka hapa mlipokaa ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na katika asubuhi hiyo unapita nchi tatu. Juu ni mlimani: baridi, migomba, na udongo mweusi unaong'ang'ania mguu. Kati ni mteremkoni: mawe, mifereji ya maji, na watu wenye magoti magumu. Chini ni nyika hii: vumbi, migunga, mbuzi, na jua lisilo na adabu. Mtu wa juu akishuka alivua sweta njiani; mtu wa chini akipanda aliliazima.

Mimi ni wa juu. Baba yangu aliitwa Kajiru, na kule kwetu hakuna aliyethubutu kupanda maharage kabla yake. Vuli ikianza, watu mikono iliwawasha, lakini yeye aliwazuia. Mvua za kwanza mlimani hudanganya. Udongo ni mzito na wa baridi, mbegu ikiingia mapema inaoza. Baba alingoja kilele kivae ukungu asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu alitoka na jembe begani, na mlima mzima ukamfuata.

Nilizipenda asubuhi hizo kuliko sikukuu. Ukungu ulishuka mpaka uani, humwoni mtu, unasikia majembe tu na watu wakisalimiana kwa sauti ili wasigongane. Baba aliniita, "Nanzighe, njoo uone mlima wako umejifunika." Nami nilikuwa nimeshaamka zamani. Mpaka leo nikinusa udongo uliolowa, miguu yangu inakumbuka baridi ile.

Tena kulikuwa na mbegu yenyewe. Maharage ya ukoo wetu yalikuwa meupe yenye doa jekundu jichoni, na baba aliyarithi kwa baba yake. Aliyaweka katika kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jikoni yasibunguliwe. Kula, mtu yeyote alikula kwake akashiba. Mbegu hakumpa mtu hata punje. Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa hilo, na hakuna aliyemweza.

Nikaolewa na Lukwaro, babu yenu, mtu wa nyika, nikashuka. Mwaka wa nne wa ndoa yangu mvua zilipita kiasi, mlima ukameguka ukafukia shamba la baba na nyumba. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo baba alikuwa peke yake. Alifika hapa mchana, miguu imejaa tope lililokauka, blanketi moja begani na kibuyu kwapani. Hakulia. Alisema tu, "Mbegu imepona." Lukwaro akamjengea chumba pale lilipo banda la kuku sasa, akamkatia na shamba kando ya letu.

Sasa sikilizeni nchi hii ilivyo. Mvua ya huku ni mgeni mwenye haraka: ukienda kutafuta kigoda, unarudi ameshaondoka. Kwa hiyo watu wa nyika hupanda vumbini, kabla ya tone la kwanza. Mbegu ndiyo inayoingoja mvua. Baba alipowaona majirani wakifukia kunde katika udongo mkavu alishika kichwa. "Hawa wanazika chakula," akaniambia, "na hata matanga hawaweki!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu aje, nilikuwa nacheka tena kama msichana.

Babu yenu aliona hatari, lakini angefanyaje? Wakati ule mkwe hakumtazama baba wa mkewe machoni, sembuse kumfundisha kulima. Neno zito lilipitia kwa mke, na mke ndiye aliyelifikisha. Siku moja tulipokuwa tukinywesha mbuzi akaniambia:

"Mke wangu, nina agizo ulipeleke kwa baba."

"Lipi?"

"Mwambie mbegu iingie ardhini wiki hii, mvua iikute. Tena asiipande yote. Maharage siyaamini kwenye joto letu. Nusu tuipeleke mteremkoni kwa shangazi yako Nakiete. Kule kuna mfereji, itapona. Mwambie kwa ulimi wako wa nyumbani, mimi nisionekane namfundisha."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilikuwa nimekaa nyika miaka minne. Nilijua kila neno lake ni kweli. Jioni ile nilimpelekea baba uji, nikamkuta amekigeuza kigoda chake kikaelekea mlimani, maana kutoka hapa kilele kinaonekana vizuri kabisa. Akasema, "Nanzighe, mwaka huu tutaungoja ukungu pamoja, wewe na mimi, kama zamani." Uso wake ulikuwa umenyooka kwa mara ya kwanza tangu ashuke. Basi lile agizo sikulitoa. Nikampa uji, nikakaa chini, nikatazama mlima pamoja naye.

Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nayo nikasema kesho. Na siwafichi, wajukuu zangu, haikuwa huruma kwa baba tu. Mimi mwenyewe nilizitaka asubuhi zile. Nilizitaka mpaka nikasahau kuwa nina akili.

Siku ya nne Lukwaro akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema atangoja ukungu wake."

Nilimwona ameumia, kwamba mkwe wake amelikataa neno lake, lakini adabu ikamfunga mdomo.

Mvua ikaja. Ilinyesha siku nane, kunde za Lukwaro zikachomoza, nyika ikawa kijani huwezi kuitambua. Baba hakutikisika. Kila alfajiri alitoka na kigoda, nami nikamfuata. Kilele kilikuwa wazi, kikavu, cheupe kwa jua. "Bado," alisema. Tukakaa, akanisimulia mama alivyokuwa, nani alimkimbia nyuki akaangukia mferejini, nani aliiba ndizi akakutwa na mkungu wenyewe kichwani. Furaha niliyokuwa nayo! Na chini ya furaha hiyo nilikuwa nikizihesabu siku za mvua, na yeye hazihesabu.

Baada ya wiki tatu kilele kikajifunika. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba akaweka jembe begani, akapasua kibuyu ili hata punje iliyonasa isibaki, akapanda yote. Ilipata manyunyu mawili ya mwisho, ikaota. Siku ile alipoona majani alinishika mkono. Kisha mvua ikaaga.

Nilibeba maji, watoto. Nilibeba kutoka kisimani mpaka utosi ukauma, mtungi baada ya mtungi, na watu walinishangaa. Maharage yakapanda mpaka magotini, yakatoa maua, jua likayapiga, maua yakadondoka. Hakuna ganda hata moja lililojaza. Baba alipita mstari kwa mstari akipapasa kila shina, akafika mwisho, akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akakaa katikati ya shamba.

Lukwaro alikuwa akivuna kunde kule ng'ambo ya mpaka. Baba akamwita.

"Mkwe, njoo."

Babu yenu akaja, akasimama mbali, macho chini.

"Wewe umezaliwa hapa," baba akasema. "Uliniona nikikaa wiki tatu nikitazama mlima. Mbona uliniacha nipotee? Ningekuwa baba yako mzazi ungeniacha?"

"Baba, niliagiza."

"Uliagiza nini?"

"Kwamba upande vumbini. Na kwamba nusu iende mteremkoni kwa shangazi. Nikaletewa jibu kuwa unangoja ukungu wako."

Wote wawili wakanigeukia. Mtungi ulikuwa bado kichwani. Nilikuwa nimekuja kumwagilia maiti. Nikautua.

"Nanzighe," baba akasema, "uliambiwa?"

"Niliambiwa, baba."

"Na ulijua ni kweli?"

"Nilijua."

"Sasa mwanangu, kwa nini?"

Nilitaka kusema nilikuogopa, nilitaka kusema nilisahau. Uongo nilikuwa nimeshayaona mavuno yake. "Niliukumbuka ukungu, baba. Ulipokuja nilidhani umekuja nao."

Lukwaro akavuta pumzi. Nilijua kwamba angeweza kunirudisha kwetu kwa kosa lile, na kwamba kwetu hakukuwapo tena. Nilingoja baba anilaani.

"Hata mimi," akasema.

Akainuka kwa shida, akajipangusa vumbi, akamwendea babu yenu mpaka wakakaribiana. "Mkwe, inua uso unitazame. Kule juu mimi ndiye niliyefungua msimu. Huku mimi ni mtoto. Nifundishe nchi yako, na ukinifundisha uniambie mwenyewe, usipitishie kwa mtu." Babu yenu akainua macho. Nadhani ndiyo siku ya kwanza waliyojuana sura.

Mbegu ile haikupatikana tena. Niliitafuta miaka mingi. Nilimtuma shangazi Nakiete aulizie mlima mzima, niliingia mnadani nikichambua magunia ya watu hadi wakaniuliza nimepoteza hereni. Meupe niliyaona, yenye doa jekundu niliyaona, yale yetu sikuyaona. Babu yenu hakuniacha, lakini mwaka mzima kila alipoagiza kitu aliniuliza mara mbili, nami nilistahili.

Vuli iliyofuata tulipanda vumbini, sote watatu, kunde alizotugawia Lukwaro. Baba aliinama na jembe lake, kila punje akiifukia taratibu kana kwamba anaomba radhi. Ndipo nilipoinua kichwa. Kilele kilikuwa kimevaa ukungu, mapema kuliko mwaka wowote niliokumbuka, mweupe, mzito, unamwagika mpaka mabegani mwa mlima. Mkono wangu ukasimama. Nilisikia majembe ya kule juu, naapa niliyasikia, nikamsikia na mama.

Baba alikuwa nyuma yangu, mgongo ameuelekeza mlimani. Hakugeuka kutazama. Alijua tu, kwa kuwa jembe langu lilikuwa limenyamaza. Akasema neno lake huku akiendelea kufukia. Babu yenu aliyasikia maneno yale, akayafikisha mnadani, na watu wakayachukua wakayafanya yao. Wao huyasema wakicheka, kama ninyi jana. Mimi nayasikia kama alivyoyasema baba vumbini, kwa binti yake mmoja:

"Inama upande, mwanangu. Ukungu wa mlima hauoteshi nyikani."