Konzi Moja ya Mtama

Enzi za Sultani Ghalibu bin Shaibu, mtawala wa mji wa Nurulaini na mashamba yake yote, mvua iliadimika miaka minne, na visima vikakauka, na ng'ombe wakafa zizini, na watu wakala mizizi, kisha, Allah atustiri, wakala hata mbegu zao.

Miongoni mwa raia, aliyebaki na mbegu ni mjane mmoja tu, Mize. Kibuyu cha mtama alichoachiwa na marehemu mumewe kilining'inia juu ya meko, kwenye moshi, wadudu wasikiguse. Na chini yake alilala bintiye Raya, siku ya tatu hajatia kitu kinywani.

Mize akashuka kisimani kutafuta japo tope la kukamua, na humo akamkuta jini, ndevu zimemjaa vumbi.

"Usiogope, ewe bibi," jini akanena. "Mimi ndimi mchunga mawingu. Sultani amepanda magunia kutoka ghalani mwake, nami sikuinua hata kidole, kwani mbegu ya mwenye shibe haina uzito. Panda wewe yako vumbini, nami nitaleta mvua. Ila usibakize hata punje."

"Na mwanangu je?"

Jini akatoweka.

Basi Mize akapanda kutwa nzima huku analia. Kibuyu kilipokaribia kwisha, mkono ukakataa. Akabakiza konzi moja, akaisaga, akampikia Raya uji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, jamani, nani amlaumu?

Asubuhi mvua ikanyesha nchi nzima, ikakoma mpakani mwa shamba la Mize. Halikupata hata tone.

Sultani akawagawia raia mbegu, mtama ukastawi, kisha, habari za ile konzi zilipomfikia, akamwita Mize barazani. "Ewe Mize, waijutia ile konzi?"

"Maulana, aliyeila ndiye huyu nimemshika mkono. Siijutii."

Yakaja mavuno, na mvua haikukatika, na mtama ukaanza kuoza kwa kukosa pakavu pa kupuria. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu. Watu wakamiminika shambani kwa Mize, na kila apuraye akamwachia mwenye uwanja kikapu kimoja, kama ilivyo ada. Mize akatajirika, hata Raya alipokuwa mtu mzima, mwana wa Sultani, aliyekuja kusimamia upuraji, akamposa na kumwoa.

Shamba lile halinyeshewi hata leo. Na mpuraji akishafagia uwanja, huacha chini konzi moja ya mtama, kwa ajili ya mtoto wa mtu.