Kwa Nini Sindano ya Kuazima Hairudi Bila Uzi

Sogeeni karibu. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, maana hadithi hii haimkatazi mtu kushona.

Zamani hizo, chuma kilipokuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi, kijiji kizima cha Ipembe kilikuwa na sindano moja. Moja tu. Mhunzi aliyeifua alikuwa ameshakufa, na ujuzi wa kutoboa tundu dogo namna ile alikwenda nao kaburini. Sindano hiyo ilikaa kwa mjane mmoja aliyeitwa Nyamizi, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Humo mlikuwa na vyote vya kushonea: uzi wa pamba aliousokota mwenyewe, donge la nta la kuulainisha, kisu kidogo cha kukatia, kamba yenye mafundo ya kupimia, miiba ya mgunga ya kushikizia kitambaa kisihame, na kipande cha ngozi ya mbuzi cha kuvika kidole kisichomwe.

Mwenye kikapu kama hicho hana siku yake. Jogoo hajamaliza kuwika, mtu yuko mlangoni. Huyu nguo imechanika begani, yule mfuko wa mbegu umetoboka, mwingine mbeleko imeachia na mtoto analia. Nyamizi hakuwa na moyo wa kumnyima mtu. Akiombwa, anatoa, na kila aliyekuja kuazima alikuja na uzi wake na maneno yaleyale: "Nitungie kabisa, dada, mimi tundu hili silioni." Walikuwa wanaliona. Subira ndiyo hawakuwa nayo.

Basi Nyamizi alitunga. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaisokota kwa vidole, akainua sindano kuelekea mwanga, akapitisha. Alifanya hivyo mara nane, mara kumi kwa siku, kwa ajili ya nguo za watu. Sindano iliporudi kwake ilirudi tupu, na kwa kazi yake mwenyewe ilimbidi aanze tena.

Mtauliza, kwa nini irudi tupu? Watu wa Ipembe walikuwa na imani yao. Walisema uzi uliopita mkononi mwa mtu umebeba bahati ya nyumba yake. Ukiuacha kwenye sindano ya mwenzako, bahati inaondoka nao na wewe unabaki na kuta. Kwa hiyo walipomaliza kushona waliuvuta uzi wote, hata ukiwa umebaki wa kidole kimoja. Wengine walilipuliza na tundu lenyewe kwa mdomo, usije ukasalia unyuzi mmoja wa pamba na bahati yao imeng'ang'ania hapo. Usicheke. Na sisi tuna yetu.

Miaka ikaenda hivyo, na macho ya Nyamizi yakaenda nayo. Yalianza kwa kuwasha, yakawa ya kutoka machozi, mwisho yakaingia ukungu usiofutika kwa maji. Asubuhi, jua likiwa upande wa mlango, aliweza kutunga kwa kubahatisha. Jioni hakuweza kabisa. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu aliyechoka sana huona hata kueleza ni kazi nyingine.

Mama yake, Bibi Misozi, alikuwa hai bado. Alikuwa amekonda, amebaki kifua na kikohozi, naye alikaa na Nyamizi katika nyumba hiyohiyo. Mwaka ule kipupwe kilitangulia. Upepo ulishuka toka mlimani kabla mtama haujaingia ghalani, na bibi kizee akawa anatetemeka hata akiota jua. Nyamizi akajua kwamba mama yake hatauvuka msimu ule kwa shuka moja lililochakaa. Akaanza kumshonea shuka nene la vipande, tabaka mbili, na pamba imejazwa katikati.

Kazi hiyo aliifanya kwa vijipande vya muda. Akishona pindo, hodi. Sindano inakwenda, inarudi tupu, anatunga, anashona tena, hodi nyingine. Kazi ya siku tatu ikachukua siku kumi na saba, na bado. Siku ya kumi na nane ulibaki upande mmoja tu wazi, na ilikuwa siku ya ngoma ya mavuno.

Asubuhi hiyo akaja wifi yake Wande, dada wa marehemu mume wake, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Wifi, niokoe," akasema. "Nguo yangu ya ngoma imeachia ubavuni. Nikicheza hivi wataniona mpaka mbavu."

"Nina kazi ya mama, Wande. Umebaki upande mmoja."

"Sitakawia. Kabla jua halijapinda nitakuwa nimerudi."

Nyamizi akautazama ule upande uliobaki, akamtazama wifi yake. Akachukua uzi wa Wande, akatunga. Jaribio la tisa ndilo lililopita, na Wande hakuona, alikuwa anasimulia habari za wapiga ngoma.

Jua likapinda. Nyamizi akakaa mlangoni na shuka magotini, akashikiza upande ule kwa miiba ili pamba isitoke. Wande alikuja jua likiwa limekaribia miti, amekwisha kujipaka mafuta, mbio mbio. Akaiweka sindano juu ya kifuniko cha kikapu. "Asante wifi, Mungu akulipe!" Akaondoka. Uzi alikuwa ameshauvuta wote, na tundu amelipuliza.

Nyamizi akakata uzi wake. Akalowesha, akasokota, akainua. Uzi ukapita kando. Akajaribu tena. Akalainisha kwa nta, akakata ncha upya kwa kisu, akageuka upande uliokuwa na mwanga kidogo. Uzi ulikuwa unagonga chuma na kupinda, kila mara. Akaita kwa jirani wa kulia, kimya. Akaita kwa jirani wa kushoto, kimya. Wote walikuwa ngomani, na vigelegele vyao vilifika mpaka pale. Ndipo Nyamizi alipolia, siyo kwa hasira, kwa uchovu.

"Acha, mwanangu," Bibi Misozi akamwambia toka kitandani. "Nifunike hivyohivyo. Kesho nayo ni siku."

Jua lilikuwa limezama. Nyamizi akamfunika mama yake kwa shuka lile, limeshikizwa kwa miiba upande mmoja, akalala ubavuni pake ili amwongezee joto. Lakini miiba haikuumbwa kuwa uzi. Palipokucha ilikuwa imeachia, pamba imehamia miguuni na sakafuni, na kifuani pa bibi kizee palikuwa na vitambaa viwili vitupu. Alikuwa baridi. Hakuamka.

Wanawake wa Ipembe walikuja wote, kama ilivyo desturi. Ilibidi sanda ishonwe, na Wande, kwa kuwa ni wifi, ndiye aliyeulizia sindano.

"Ipo kikapuni," Nyamizi akajibu. "Haina uzi."

Wande akaliona shuka. Akaushika ule upande uliokuwa wazi, pamba ikamwagikia mapajani mwake. "Wifi," akasema polepole, "hili mbona hukulimaliza?"

"Sindano ilirudi jioni. Macho yangu hayaoni tundu tena, Wande. Nimechoka."

Hakumlaumu mtu, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Wande akaliweka shuka chini. Akachukua sindano, akakata uzi wake mwenyewe, akaanza kutunga. Hakuwahi kutunga sindano ile maishani mwake. Alikosea mara sita huku machozi yakimkinga macho. Mara ya saba uzi ukapita. Akashona sanda. Kisha akaokota pamba yote iliyomwagika, akairudisha katikati ya tabaka mbili, akashona upande uliobaki mpaka mwisho, akapiga fundo. Bibi Misozi alizikwa na shuka lake, limekamilika.

Uzi uliobaki kwenye sindano ulikuwa urefu wa mkono mmoja. Wande hakuuvuta. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa na uzi wake ukining'inia, akaiweka kikapuni.

Mama mmoja mtu mzima akashtuka. "Wande! Umeacha uzi! Bahati ya nyumba yako inaondoka!"

"Iondoke," Wande akasema. "Bahati inayomwacha mama wa wifi yangu afe kwa baridi, mimi ya nini?"

Watu walisubiri kuona nyumba ya Wande ikianguka, na haikuanguka. Mbuzi wake walizaa kama mbuzi wa wengine, na wanawe waliugua na kupona kama watoto wa wengine. Mmoja akaacha uzi, wa pili akaacha, baadaye ikawa aibu kutoacha. Nyamizi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakutunga sindano tena. Kila alipofungua kikapu aliikuta tayari. Alishona nguo zake kwa nyuzi za watu, rangi kila namna, na hakuvaa tena nguo ya rangi moja. Mama yake tu ndiye hakurudi.

Na tangu siku hiyo, mtu akiazima sindano hairudishi tupu. Huirudisha imechomekwa kwenye kitambaa, na uzi ndani yake, urefu wa mkono mmoja. Leo sindano zinauzwa kwa pakiti, ukipoteza moja hata hujali, na bado mama zenu wanafanya hivyo bila kujua sababu. Sasa mmeijua.

Haya. Aliyeazima sindano yangu asubuhi, na ninamsikia hapo nyuma amenyamaza, airudishe kabla jua halijazama. Na uzi wake. Macho yangu nayo yana siku nyingi.